Virusi asubuhi, mazoezi jioni: mwaka wangu wa tafiti mbili

Mwaka wa mwisho wa shahada nilijikuta ndani ya tafiti mbili kwa wakati mmoja. Moja ilikuwa ya maabara, kuhusu virusi vinavyoshambulia bakteria. Nyingine ilikuwa ya saikolojia: je, majuma kadhaa ya mazoezi ya viungo hubadilisha hisia za wanafunzi? Wenzangu walinionea huruma kwa ile ya kwanza na kunipongeza kwa ya pili. "Hiyo ya mazoezi si unagawa dodoso tu, unakusanya, umemaliza?" Ikawa kinyume chake. Virusi vilinichosha mgongo na macho, lakini usiku nililala. Binadamu ndio walioninyima usingizi.

Naandika kwa ajili ya anayekaribia kuchagua mada, hasa yule anayesitasita kati ya maabara na watu. Sitakuambia ipi ni bora. Nitakuambia tu kilichotokea na mahali gharama zilipokuwa zimejificha.

Kama unautaka utafiti wa virusi ukiwa bado mwanafunzi, anza na hivyo vinavyoshambulia bakteria: bakteriofaji, au faji kama tunavyoziita kwa mkato. Virusi vya binadamu na wanyama vinahitaji seli hai zinazokuzwa kwenye chupa, kabati maalumu la usalama, na kibali ambacho mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapewi kirahisi. Faji inataka bakteria, agari (rojo inayoganda, ya kukuzia bakteria) na joto la nyuzi 37, basi. Frederick Twort aliziripoti mwaka 1915, Félix d'Hérelle akafuata mwaka 1917, na wote wawili hawakuwa na darubini ya kuwaonyesha virusi vyenyewe. Waliona athari yake: sehemu angavu kwenye bakteria waliotanda, mahali ambapo bakteria wamekufa. Wewe leo utaona kitu kilekile kwa macho yako, bila kifaa cha gharama.

Na usidhani ni kazi ya kitoto. Mwaka 2010, kwenye mradi wa wanafunzi huko Durban, Afrika Kusini, faji moja ilipatikana kwenye bilinganya iliyooza. Ikapewa jina Muddy, ikahifadhiwa. Miaka kadhaa baadaye ikawa moja ya faji tatu alizopewa binti wa miaka 15 jijini London, aliyekuwa amepandikizwa mapafu na kushambuliwa na bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus, dawa zote zikiwa zimegonga mwamba. Hali yake ikaboreka, na taarifa ya matibabu yale ikachapishwa mwaka 2019. Siku ambazo mkono ulikufa ganzi kwa kushika pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika, bilinganya ile ilinisaidia.

Sisi tulitumia T4, faji maarufu inayomshambulia bakteria E. coli. Ni faji yenye haraka: kwa nyuzi 37, tangu inapomgusa bakteria hadi kumpasua na kutoa kizazi kipya ni kama dakika 25 hadi 30. Swali letu lilikuwa la kawaida tu, jinsi joto la kuhifadhia linavyopunguza idadi ya faji zilizo hai. Ili ujue zimebaki ngapi, unapaswa kuzihesabu, na hapo ndipo kazi ilipo.

Unaanza kwa kuzimua. Unachukua sehemu moja ya myeyusho wenye faji, unaitia kwenye sehemu tisa za bafa (maji ya chumvi yasiyozidhuru faji), unachanganya. Kutoka hapo unachukua tena sehemu moja kwenda neli inayofuata, hadi umezimua mara milioni. Ncha ya pipeti ibadilishwe kila hatua. Ukiiacha ileile, faji zilizogandia ndani yake zinapanda gari hadi neli ya mwisho, na hesabu yako inavimba bila wewe kujua.

Kisha kumimina. Agari laini inakaa kwenye maji ya moto, nyuzi 45 hadi 50. Ikizidi hapo unawaua bakteria, ikishuka sana inaganda ndani ya neli na kutoka mabonge kama uji uliokataa kukorogeka. Unatia bakteria, unatia mililita 0.1 ya faji, unaizungusha neli katikati ya viganja (usiitikise, maana mapovu yakiganda utayahesabu kesho ukidhani ni faji), halafu unamimina juu ya sahani yenye agari ngumu na kuiinamisha huku na huku hadi uso wote ufunikwe. Yote haya ni sekunde chache. Sahani iliyotoka kwenye friji moja kwa moja itaigandisha agari upande mmoja kabla haijafika wa pili, kwa hiyo zitoe mapema zipate joto la chumba. Ikishaganda unaigeuza juu chini kabla ya kuiweka kwenye inkubeta, kabati la joto, ili matone ya mvuke yasidondokee kazi yako.

Asubuhi yake unaikuta sahani imetanda ukungu wa rangi ya maziwa, na ndani yake vitundu angavu vya mviringo. Kila kitundu kilianzia kwa faji moja. Unaishika kuelekea kwenye mwanga, unatia nukta ya kalamu ya wino chini ya sahani kwa kila kitundu unachokihesabu, usije ukakirudia. Ukipata 84 kwenye sahani iliyotoka kwenye neli iliyozimuliwa mara milioni, na ulimimina mililita 0.1, basi kila mililita ya myeyusho wa mwanzo ilikuwa na faji milioni 840. Raha ya hesabu hiyo siwezi kuieleza vizuri.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu hulitaja juu juu. Vitundu ni matukio ya kubahatisha, na kipimo cha kuyumba kwake ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Ukihesabu 25, kuyumba ni kama 5, yaani asilimia 20. Ukihesabu 100, ni asilimia 10. Ndiyo maana watu husema hesabu sahani zenye vitundu 30 hadi 300: chini ya hapo unabahatisha, juu ya hapo vinaungana na macho yanadanganya. Tulipoanza, tofauti ya 22 na 29 ilitufanya turukeruke kwa furaha. Ilikuwa si lolote.

Lakini somo kubwa la maabara lilitoka kwenye sahani ambayo haikuwa na faji kabisa. Kila siku ya kazi tulimimina sahani moja yenye bakteria na bafa tu. Inapaswa kutoka safi, ukungu mtupu. Asubuhi moja ilitoka na vitundu. Si vingi, lakini vipo. Mwenzangu akapendekeza tuvitoe kwenye hesabu: kama sahani tupu ina saba, basi punguza saba kila mahali, maisha yaendelee. Hoja ilinishawishi, kusema kweli, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na juma zima la kuamka kabla ya jua. Fundi wa maabara, mzee asiyependa maneno mengi, alipita akachungulia. "Wanangu, mwageni."

"Zote, Mzee?"

"Hamjui zimeingia saa ngapi wala wapi. Mtapunguza nini?"

Tulimwaga. Chanzo kilikuwa chupa kubwa ya bafa ambayo kila mtu aliyepita alichovya pipeti yake humo. Tangu hapo tuliigawa bafa kwenye vichupa vidogo, kila kimoja cha siku moja, kikibaki kinatupwa. Ukichukua kitu kimoja tu kutoka sehemu hii ya maabara, chukua hicho cha vichupa. Na kingine kidogo: sahani zikishatoka kwenye inkubeta zinaweza kungoja kwenye friji nyuzi 4 hadi upate nafasi ya kuhesabu. Laiti ningejua hilo mapema, ningeokoa asubuhi kadhaa.

Sasa mazoezi.

Pendekezo letu la kwanza lilisomeka vizuri sana: tunachukua wanafunzi wenye msongo, wanatembea haraka au kukimbia polepole mara tatu kwa juma, tunapima hisia mwanzoni na mwishoni, tunalinganisha. Msimamizi wetu alilisoma akiwa amesimama, akaturudishia na swali moja pembeni: "Na ambao hawakukimbia?"

Tulikuwa na majibu. Tafiti kubwa zimeshaonyesha kwamba mazoezi husaidia. Mwaka 1999 timu ya James Blumenthal huko Marekani ilichapisha utafiti wa watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona. Baada ya majuma 16, waliofanya mazoezi walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana na ya waliotumia dawa ya sertralini, ingawa dawa ilianza kufanya kazi mapema zaidi. Tulimtajia. "Kasomeni na wa pili," akasema. Utafiti wa pili wa timu hiyohiyo, wa mwaka 2007, ulikuwa na watu 202, na safari hii kulikuwa na kundi lililomeza kidonge kisicho na dawa. Waliopona sonona katika mazoezi ya kusimamiwa walikuwa asilimia 45, katika mazoezi ya nyumbani asilimia 40, waliotumia dawa asilimia 47. Waliomeza kidonge kitupu? Asilimia 31. Karibu mtu mmoja kati ya watatu alipona bila dawa wala mazoezi. Bila kundi lile, asilimia hizo zote 31 zingehesabiwa kama ushindi wa viatu vya kukimbilia.

Ilikuwa ni ile sahani tupu, imevaa nguo za binadamu. Tofauti ni kwamba sahani huimimini kwa kuiomba ruhusa.

Tukaweka kundi linganishi la wanaosubiri: nusu waanze mazoezi sasa, nusu waanze baada ya sisi kumaliza kupima, nani aangukie wapi ikiamuliwa kwa kura. Mbinu hii nakushauri uichukue, kwa sababu hakuna anayenyimwa kitu moja kwa moja, na kamati ya maadili huielewa haraka.

Kamati hiyo ndiyo itakayokula muda wako kuliko kitu kingine chochote. Ipange kwenye kalenda kabla ya yote. Kwetu waraka ulirudi na maswali ambayo mwanzoni yaliniudhi, na baadaye nikayaona yalikuwa ya haki. Tulikuwa tumeweka dodoso la PHQ-9, maswali tisa ya kupima dalili za sonona, kwa kuwa ni fupi na linajulikana. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Kamati ikauliza: mshiriki akijibu kwamba anayo karibu kila siku, ninyi mtafanya nini, saa ngapi, na nani atampokea? Hatukuwa na jibu. Mwanafunzi anayesoma majibu hayo majuma mawili baadaye akiwa anaingiza data kwenye kompyuta amechelewa. Usiulize swali ambalo huna uwezo wa kulipokea jibu lake. Tukabadili na kutumia PANAS, ya Watson, Clark na Tellegen ya mwaka 1988: maneno 20 ya hisia, kumi mazuri na kumi mabaya, kila moja kwa alama 1 hadi 5. Haipimi ugonjwa, na swali letu halikuwa la ugonjwa. Hata hivyo tulipanga na mshauri wa wanafunzi awe tayari kumpokea yeyote atakayehitaji kuzungumza, na jina lake likaandikwa kwenye fomu ya ridhaa.

Walitaka pia dodoso la afya kabla ya mtu kuanza mazoezi: maumivu ya kifua, kizunguzungu, magonjwa ya moyo. Na walitaka majina yatenganishwe na majibu. Washiriki wako watakuwa wanafunzi wenzako. Utakaa nao darasani huku unajua nani aliweka alama 5 kwenye woga. Tumia namba, ufunguo wa namba akae nao msimamizi, na ujizuie kukisia miandiko.

Kupata washiriki ni rahisi siku ya kwanza. Wanaojitokeza ni wale wanaopenda mazoezi tayari, na alama zao za furaha ziko juu tangu mwanzo, hazina pa kupanda. Uliowakusudia, wenye uchovu na mawazo, hawaji kwa tangazo. Huja wakialikwa na mtu wanayemwamini. Halafu wanaanza kupungua. Mvua, mitihani midogo, kisigino kinauma. Tulianza na watu wasiofika arobaini, na waliobaki hadi mwisho walikuwa pungufu ya thelathini. Kishawishi ni kuwachambua waliobaki tu. Lakini walioacha waliacha kwa sababu, mara nyingi kwa sababu hawakuwa wanajisikia vizuri, na ukiwafuta umefuta wale ambao mazoezi hayakuwasaidia. Wafuate hata walioacha kukimbia, uwaombe wajaze dodoso la mwisho. Zaidi ya nusu walikubali tulipowaambia kwamba hatuwadai maelezo.

Ukali wa zoezi nao uwe na kipimo. "Kimbia kiasi" ni maneno matupu. Kuna mizani ya Borg, kuanzia 6 hadi 20, ambayo mtu hujitaja mwenyewe anavyojisikia kuchoka. Na kama huna chochote, tumia mazungumzo: katika mazoezi ya wastani mtu anaweza kuongea ila hawezi kuimba. Hili si pambo. Panteleimon Ekkekakis na wenzake wameandika kwa miaka mingi kwamba zoezi likivuka kiwango ambacho pumzi inaanza kumkimbia mtu, wengi hujisikia vibaya wakati wakilifanya, kisha hisia zao hupanda ghafla wakishaacha. Kwa hiyo ukipima dakika tano baada ya kumaliza utaandika furaha ambayo kwa sehemu ni nafuu ya kupumzika. Sisi tulipima siku isiyo na zoezi, saa ileile kwa wote. Data ikawa na msisimko mdogo, lakini ilisomeka.

Usije pia ukaandika "endorfini", ile kemikali ya mwili inayosifiwa kwa kuleta furaha, kwenye sura ya majadiliano kana kwamba umeiona. Kila mtu anaitaja. Endorfini iliyo kwenye damu haipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo, na watafiti siku hizi wanazitazama pia endokanabinoidi, kemikali nyingine za mwili, ambazo hupenya. Wewe umepima maneno 20 kwenye karatasi. Zungumzia maneno 20.

Wakati huohuo kulikuwa na wazo lililokuwa likitunong'oneza: kwa nini tusiunganishe? Virusi huku, mazoezi kule, tuulize kama mazoezi yanamkinga mtu na mafua. Jina lingependeza kwenye jalada. Tulisoma. David Nieman aliwafuatilia wakimbiaji wa marathoni ya Los Angeles ya mwaka 1987, akakuta asilimia 12.9 ya waliokimbia walisema walipata dalili za maambukizi katika juma lililofuata, dhidi ya asilimia 2.2 ya wakimbiaji wenye uzoefu kama wao ambao hawakushiriki. Kutoka hapo watu wakajenga picha kwamba mazoezi ya wastani hukinga na ya kupindukia hufungua mlango. Lakini dalili zile zilitajwa na wakimbiaji wenyewe. Hakuna aliyewapima koo kuthibitisha virusi, na koo huwasha hata kwa vumbi na hewa kavu. Mwaka 2018 John Campbell na James Turner walichapisha makala ndefu wakipinga dhana hiyo ya kinga kushuka baada ya zoezi kali. Ikiwa wakubwa bado wanabishana, mwanafunzi mwenye watu thelathini na muhula mmoja atatoa jibu gani? Mafua yenyewe yangewapata watu wawili watatu kati ya wote. Tuliacha, na sijawahi kujuta.

Matokeo yetu yalifika wakati mbaya kuliko wote, juma moja baada ya mitihani ya katikati. Kundi la mazoezi lilikuwa limepanda: hisia nzuri juu, hisia mbaya chini, mchoro unapendeza. Mwenzangu alikuwa ameanza kuandika muhtasari. Kisha tukafungua faili la waliokuwa wakisubiri. Nao wamepanda. Kidogo chini ya wale wa mazoezi, lakini wamepanda, kwa sababu mitihani ilikuwa imeisha na kila mtu chuoni alikuwa akipumua. Tofauti iliyobaki kati ya makundi ilikuwa ndogo kuliko kuyumba kwake; kwa idadi ile ya watu hatukuweza kusema ni ya kweli wala si ya kweli.

Nilikaa na kompyuta ile muda mrefu bila kugusa kitu. Kuna hasira ya ajabu ya kuwakasirikia watu kwa kujisikia vizuri bila idhini yako. Na palikuwa na njia za kuipata ile nyota ndogo ya takwimu, inayowekwa pembeni ya tofauti isiyoonekana kuwa ya bahati tu: chukua wanawake tu, chukua waliohudhuria mara nyingi tu, toa neno moja kati ya yale ishirini. Kilichotuokoa ni karatasi. Kabla ya kukusanya chochote tulikuwa tumeandika uchambuzi tutakaofanya, kipimo kikuu ni kipi, na nani atahesabiwa. Msimamizi akasaini na kuweka nakala. Tusingeweza kubadili bila yeye kuona.

Tukaandika tulichokikuta. Katika kutetea kazi, mtahini wa nje aliuliza maswali machache sana kuhusu matokeo na mengi kuhusu kundi la wanaosubiri: tulilipataje, tulilizuiaje lisianze kukimbia lenyewe, walioacha tuliwafuatilia vipi. Hayo tuliyajibu bila kumeza mate. Kazi ya virusi, ambayo niliiona nzuri zaidi, ilipata maswali makali: kwa nini joto mbili tu, kwa nini hamkupima katikati ya muda. Alama zilikaribiana.

Ukiamua kwenda kwenye watu, epuka kupima juma la mitihani na juma linalofuata. Au kama huwezi, hakikisha makundi yote mawili yanapimwa siku moja. Ukiamua kwenda maabara, kaa na fundi kabla ya kukaa na vitabu, na muulize bafa inahifadhiwa wapi na nani mwingine anaitumia. Na kwa vyovyote vile, data ghafi iwe na nakala sehemu tatu, moja isiguswe kabisa, kwa maana kutakuwa na usiku ambapo mtu wa kundi lenu atapanga safu moja ya jedwali na kuziacha nyingine zilivyokuwa.

Fomu za ridhaa na ufunguo wa namba tulikabidhi kwa msimamizi, vikafungiwa kabatini hadi muda wa kuviharibu ulioandikwa kwenye kibali utimie. Wale wa kundi la kusubiri walianza mazoezi yao juma lililofuata kama tulivyoahidi. Walikuja sita.